Maswali na Majibu: Michango ya Kampeni na Upendeleo katika Serikali za Majimbo ya Marekani

Barua tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zimetoka miji mbalimbali, lakini zinauliza kwa namna tofauti jambo lile lile: mwanasiasa wa jimbo anapopokea fedha za kampeni, anadaiwa nini, na nani analipa deni hilo? Tumechagua barua tano.

SWALI: *Ndugu Mhariri, nina kampuni ndogo ya usafi hapa Chicago na wengi wa wafanyakazi wangu ni wenzetu kutoka Kongo na Burundi. Ningependa kuomba kandarasi ya kusafisha majengo ya serikali ya jimbo la Illinois. Mtu mmoja anayeheshimika katika jumuiya yetu ameniambia kwamba nikitaka kufikiriwa ni lazima ninunue meza katika karamu ya kuchangisha fedha za kampeni, na kwamba hiyo si rushwa bali ni kujitambulisha tu. Je, anasema kweli? – Msomaji, Chicago*

JIBU: Ndugu msomaji, amekuambia nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoweza kukuponza. Ni kweli kwamba kununua meza katika karamu ya kampeni si kosa kwa mwananchi wa kawaida, na wanasheria, wajenzi na wenye viwanda hufanya hivyo mwaka mzima. Lakini wewe unayekusudia kuiuzia serikali huduma huko katika nafasi moja na jirani yako asiyeiuzia kitu. Illinois ina sheria inayowalenga watu wa aina yako hasa, na haikutungwa bila sababu.

George Ryan, kabla ya kuwa gavana mwaka 1999, alikuwa Katibu wa Jimbo, ambaye ofisi yake Illinois ndiyo inayotoa leseni za udereva. Wafanyakazi wa ofisi hiyo walisukumwa kuuza tiketi za hafla za kampeni yake, na baadhi yao wakaona kuwa njia nyepesi ya kutimiza kiasi walichotarajiwa kuleta ni kupokea hongo kwa madereva wa malori wasiostahili leseni, kisha kuziingiza fedha hizo katika kampeni kwa kununua tiketi. Novemba 1994, karibu na Milwaukee katika jimbo jirani la Wisconsin, kipande cha chuma kilianguka kutoka kwenye lori, kikatoboa tangi la mafuta la gari la familia lililokuwa nyuma, na watoto sita wa familia moja wakapoteza maisha kwa moto. Uchunguzi ukaifuata leseni ya dereva yule hadi katika ofisi zilizokuwa zikiuza leseni. Ryan alitiwa hatiani mwaka 2006 na kuhukumiwa kifungo cha miaka sita na nusu. Natamani kila anayesema kwamba tiketi ya kampeni haimdhuru mtu akumbuke watoto wale.

Aliyemfuata ofisini mwaka 2003, Rod Blagojevich, aliingia kwa ahadi ya kusafisha uchafu huo. Wakati ule Illinois haikuwa na kikomo chochote cha mchango. Mtu binafsi au kampuni iliweza kumwandikia gavana hundi ya kiasi ilichotaka. Gazeti la Chicago Tribune lilichapisha mwaka 2008 habari za watu na kampuni waliotoa hundi za dola 25,000 kamili, ambao wengi wao walipata kandarasi, uteuzi katika bodi za serikali au maamuzi yaliyowanufaisha. Ndipo Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwazuia wenye kandarasi za serikali kumchangia kiongozi ambaye ofisi yake ndiyo inayozitoa. Gavana alijaribu kuibadilisha kwa kura yake ya turufu, wabunge wakaikataa turufu hiyo, na sheria ikapangwa kuanza tarehe 1 Januari 2009. Katika miezi iliyobaki, kwa mujibu wa mashtaka ya serikali kuu, alikimbizana na tarehe hiyo ili akusanye fedha kabla mlango haujafungwa. Maofisa wa FBI waliokuwa wakisikiliza simu zake walimsikia akiyafungamanisha malipo ya dola milioni 8 kwa madaktari wa watoto na mchango wa dola 50,000 aliotaka kutoka kwa mkuu wa hospitali ya watoto ya Chicago, akichelewesha kutia saini mswada wa kuvinufaisha viwanja vya mbio za farasi huku akidai mchango, na akitafuta manufaa katika kiti cha Seneti ya Marekani alichokuwa amekiacha Barack Obama, ambacho gavana ndiye aliyepaswa kumteua wa kukijaza. Alikamatwa tarehe 9 Desemba 2008. Seneti ya jimbo ilimwondoa madarakani mwezi uliofuata kwa kura 59 bila hata moja ya kupinga, na mwaka 2011 akahukumiwa kifungo cha miaka 14. Rais Donald Trump alimpunguzia adhabu akatoka gerezani mwaka 2020, na mwaka 2025 akampa msamaha kamili.

Sasa turudi kwako. Chini ya sheria ile, biashara ambayo kandarasi zake na jimbo, au zabuni zake zinazosubiri kuamuliwa, zinazidi jumla ya dola 50,000 kwa mwaka hairuhusiwi kumchangia mwenye ofisi inayotoa kandarasi hizo wala anayegombea ofisi hiyo. Katazo hilo linamgusa mmiliki, wakuu wa kampuni na wenzi wao wa ndoa, kwa hiyo kumwambia mkeo anunue meza kwa jina lake si njia ya kukwepa. Biashara ya namna hiyo hutakiwa pia kujiandikisha kwa Bodi ya Uchaguzi ya Jimbo, na anayekiuka anaweza kunyang'anywa kandarasi. Kusafisha majengo kadhaa kwa mwaka mmoja kunaweza kuuvuka kwa urahisi mpaka wa dola 50,000, na hivyo karamu unayoambiwa ikufungulie mlango inaweza kuwa ndiyo itakayoufunga.

Huenda mtu huyo akakujibu kwamba karamu ni ya mbunge wa jimbo, si ya gavana. Hapo ameshika upenyo halisi, kwa sababu katazo linamlenga mwenye ofisi inayotoa kandarasi na halimfikii mbunge anayeweza kukupigia simu ya kukuombea. Ushauri wangu ni kwamba, kama unataka kuchangia kwa kuwa unaukubali msimamo wa mbunge, subiri hadi usiwe na zabuni yoyote mezani. Na kama sababu pekee ni zabuni, usichangie. Zabuni za Illinois hutangazwa hadharani, na upo mpango wa jimbo unaotoa nafasi kwa biashara za watu wa jamii zenye uwakilishi mdogo, wanawake na watu wenye ulemavu, ambao kampuni kama yako inaweza kuomba kusajiliwa. Anza huko. Ikiwa ofisa yeyote wa serikali atakuambia mwenyewe kwamba bila meza hakuna kazi, andika tarehe na maneno aliyoyatumia, kisha upeleke taarifa kwa Mkaguzi Mkuu wa maadili wa serikali ya jimbo.

SWALI: *Mhariri, kwetu Mahakama Kuu ilikwisha kufuta takrima, yaani ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, mwaka 2006 kwa sababu ilikuwa inawapa wenye fedha nafasi ambayo maskini hawana. Inakuwaje Marekani, inayowafundisha wengine utawala bora, ishindwe kupiga marufuku fedha za matajiri katika siasa za majimbo yake? – Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Ndugu msomaji, hukumu ile ya takrima ilijengwa juu ya usawa wa raia mbele ya sanduku la kura. Mahakama ya Juu ya Marekani imeegemea nguzo nyingine, yaani uhuru wa kusema. Katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo ya mwaka 1976 iliamua kwamba kutumia fedha kueneza maoni ya kisiasa ni sehemu ya uhuru huo, kwa hiyo serikali inaweza kuweka kikomo cha kiasi ambacho mtu anampa mgombea mkononi, lakini haiwezi kuweka kikomo cha kiasi ambacho mtu anatumia mwenyewe kumpigia debe. Mwaka 2010, katika kesi ya Citizens United, iliupeleka uhuru huo hadi kwa kampuni na vyama vya wafanyakazi, mradi matumizi yao yasipangwe pamoja na mgombea.

Mahakama hiyo pia imeifanya kazi ya mwendesha mashtaka kuwa ngumu. Tangu kesi ya McCormick ya mwaka 1991, iliyomhusu mbunge wa jimbo la West Virginia, mchango wa kampeni huhesabiwa kuwa ni kulazimisha rushwa pale tu inapothibitishwa kwamba ulitolewa kwa ahadi ya wazi ya kufanya, au kutofanya, jambo fulani la kiserikali. Mwaka 2016 iliifuta hukumu ya gavana wa zamani wa Virginia, Bob McDonnell, ambaye yeye na mkewe walikuwa wamepokea zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000 kutoka kwa mfanyabiashara mmoja. Majaji wote walikubaliana kwamba kumpangia mtu mikutano na kumkutanisha na maofisa, peke yake, si tendo rasmi la serikali. Kwa maoni yangu, hapo ndipo upendeleo umepewa kiti cha kukalia. Mfanyabiashara mzoefu hahitaji ahadi ya wazi. Anahitaji simu yake ipokelewe siku ile ile, wakati ya mwingine inasubiri miezi.

Hata hivyo majimbo hayakufungwa mikono yote miwili, na ndiyo maana hayafanani. Virginia haina kikomo cha mchango hadi leo. Illinois ilianza kuwa na vikomo mwaka 2011. Connecticut ilikwenda mbali zaidi baada ya gavana wake, John Rowland, kujiuzulu mwaka 2004 na kukiri kosa katika kesi ya zawadi na huduma alizopokea kutoka kwa watu waliokuwa na shughuli na serikali yake. Mwaka 2005 jimbo hilo liliwakataza wakandarasi wake kuchangia kampeni, likaanzisha pia utaratibu wa kugharimia kampeni kwa fedha za umma kwa mgombea anayekubali masharti. Wapinzani walikwenda mahakamani, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya serikali kuu ikalithibitisha katazo la wakandarasi. Naliona hilo kuwa somo kubwa kuliko hukumu zote za magavana, kwa kuwa katazo la namna hiyo halimlazimishi mtu yeyote kuthibitisha kilichonong'onwa mezani. Linatazama tu kama aliyetoa hundi ana kandarasi, na hilo liko katika daftari la serikali.

SWALI: *Mhariri, hapa Columbus watu wanasema bili zetu za umeme zilipandishwa kwa sababu ya rushwa ya Spika. Naomba unieleze, maana tunalipa bila kujua. – Mama wa watoto wanne, Columbus, Ohio*

JIBU: Mama, wanaosema hivyo hawakosei, ingawa habari ina sehemu zaidi ya moja. Kampuni ya FirstEnergy ilikuwa na mitambo miwili ya nyuklia kando ya Ziwa Erie, Davis-Besse na Perry, iliyokuwa ikishindwa kushindana na umeme wa gesi. Ilihitaji sheria ya jimbo ya kuwatoza wateja ili mitambo hiyo iokolewe. Larry Householder, kwa upande wake, alitaka kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Ohio, na ili awe Spika alihitaji wabunge wa kumpigia kura.

Kati ya mwaka 2017 na 2020, takriban dola milioni 60 zilitoka kwa kampuni hiyo na washirika wake zikaingia katika asasi iliyoitwa Generation Now, ya aina ambayo sheria haiilazimishi kutaja wanaoichangia. Fedha hizo ziligharimia kampeni za wagombea waliomuunga mkono Householder, naye akachaguliwa kuwa Spika Januari 2019. Nyingine alizitumia kulipia madeni yake na nyumba yake ya Florida. Miezi sita baada ya kukikalia kiti, Mswada wa Baraza Namba 6 ulipita na kutiwa saini, ukiwa na msaada wa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mitambo ya nyuklia. Wananchi walipoanza kukusanya saini ili sheria hiyo ipigiwe kura ya maoni, fedha za chanzo hicho hicho zikatumika kuwazuia, na saini hazikutosha.

Householder alikamatwa Julai 2020, akatiwa hatiani mwaka 2023 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 20. FirstEnergy ilikubali kulipa dola milioni 230 katika makubaliano na waendesha mashtaka. Kuhusu bili yako, tozo ya nyuklia ilizuiwa na mahakama kabla haijaanza kukusanywa Januari 2021, na Bunge likaifuta mwaka huo. Lakini sheria ile ile ilikuwa imeingiza pia ruzuku kwa mitambo ya zamani ya makaa ya mawe, na hiyo iliendelea kutozwa katika bili zenu kwa miaka kadhaa baada ya Spika kukamatwa. Vilevile ilifuta masharti yaliyozitaka kampuni za umeme kuwasaidia wateja kupunguza matumizi. Kwa hiyo, mama, mlilipishwa kweli, na sehemu kubwa ya mlicholipa haikurudi kwa sababu tu mtu mmoja amefungwa. Una haki ya kumwandikia mbunge wako wa jimbo na kumuuliza aliipigiaje kura sheria hiyo. Kumbukumbu za kura ni za wazi, na barua ya mteja anayelipa bili huwa na uzito kuliko watu wanavyodhani.

SWALI: *Shikamoo Mhariri. Nimeomba kazi ya kuendesha mitambo ya barabara katika serikali ya jimbo hapa Springfield. Mzee mmoja amenishauri nitafute kwanza barua kutoka kwa kiongozi wa chama katika kaunti yangu, na nimchangie kidogo. Nifanyeje? – Kijana, Springfield, Illinois*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee wako hakukudanganya kwa makusudi. Anakumbuka Illinois aliyoishi. Mwaka 1980 Gavana James Thompson alitoa amri ya kusimamisha ajira katika idara zote zilizokuwa chini yake, nafasi takriban 60,000, na hakuna aliyeajiriwa wala kupandishwa cheo bila kibali cha ofisi ya gavana. Waliokwenda mahakamani walidai kwamba ofisi hiyo ilitazama kama mwombaji alipiga kura katika mchujo wa chama cha Republican, kama alikichangia, na kama viongozi wa chama wa mahali pake walimwombea. Mmoja wa walalamikaji alikuwa na kazi kama unayoitaka wewe, mwendesha mitambo ya barabara, naye alisema alinyimwa uhamisho wa kwenda karibu na nyumbani kwa sababu viongozi wa chama katika kaunti walimpinga. Mwaka 1990, katika kesi ya Rutan dhidi ya Chama cha Republican cha Illinois, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba katika kazi za kawaida za serikali ni marufuku kumwajiri, kumpandisha, kumhamisha au kumrudisha mtu kazini kwa kutazama chama chake.

Kwa hiyo usitafute barua na usitoe senti. Jaza fomu yako kikamilifu, weka nakala ya kila unachowasilisha, na uambatishe vyeti vya kuendesha mitambo. Ukiulizwa chama chako katika usaili, jibu kwa adabu kwamba ungependa kuzungumzia ujuzi wako, kisha ukitoka uandike jina la aliyekuuliza. Nakuombea upate kazi hiyo.

SWALI: *Mimi ni mkaaji wa kudumu, sijawa raia. Mwajiri wangu ametuomba wafanyakazi wote tumchangie mgombea ugavana dola mia tano kila mmoja, na ameahidi kuturudishia pamoja na mshahara wa mwezi ujao. Je, ninaruhusiwa? – Msomaji, Houston*

JIBU: Ndugu msomaji, maswali yako ni mawili na majibu yake yanapingana, kwa hiyo uyatenganishe. Sheria ya serikali kuu inawakataza wageni kuchangia uchaguzi wowote wa Marekani, ukiwamo wa jimbo na wa mji, lakini mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu hahesabiwi kuwa mgeni kwa kusudi hilo. Unaweza kuchangia fedha zako mwenyewe, kwa hiari yako. Kupiga kura huwezi hadi uwe raia, na tafadhali usijaribu, kwa sababu kosa hilo linaweza kukupotezea ukaaji wako.

Anachokiomba mwajiri wako ni jambo jingine. Fedha atakazokurudishia ni mchango wake yeye uliovikwa jina lako, na kutoa mchango kwa jina la mtu mwingine ni kosa la jinai. Njia hiyo hutumika ama kuficha ni nani anayenunua upendeleo wa gavana ajaye, ama kupita vikomo pale vilipo. Texas haimwekei mtu binafsi kikomo cha kumchangia mgombea ugavana, na hilo linapaswa kukufanya ujiulize kwa nini bosi wako hataki jina lake lionekane. Mwambie kwamba hutachangia, na usitie saini fomu yoyote inayosema fedha ni zako. Kama umekwisha kutoa hundi, muone mwanasheria wa masuala ya uhamiaji kabla hujapokea marejesho hayo katika mshahara, ukiwa na nakala ya hundi na ujumbe wowote ambao mwajiri alikuandikia kuhusu jambo hili.